Mama, bahasha ya Uhamiaji na uji wa ngano

Habari za grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, watu wanajua mawakili na ada za serikali basi, kuna hiki kipimo cha afya hakisemwi kabisa mpaka ukifikie mwenyewe. Ukiombea humuhumu Marekani huendi kwa daktari unayemtaka, unaenda kwa yule aliyeidhinishwa na Uhamiaji, anakujazia fomu inaitwa I-693, na bei serikali haimpangii, anajipangia. Nikapiga simu Houston nzima. Huyu dola 200 bila chanjo, yule 450 na chanjo mbili, mwingine ananiambia we njoo tu tutaongea, kama fundi gereji wa Gongo la Mboto. Ukiwauliza "mnapokea bima?" unasikia mtu anavuta pumzi kwa huruma, maana bima nyingi hiki kipimo hazikigusi hata kwa mbali. Nikachukua wa dola 350, chanjo mbali. Mama akaniuliza ni shingapi hizo za kwetu, nikamwambia kama laki tisa, akanyamaza halafu akasema, "Laki tisa kuchomwa sindano, nilikubeba mgongoni nikakupeleka kliniki Ngamiani ukachomwa bure."

Mama alikuwa kwetu Houston amekuja kutusaidia uzazi. Ndiye aliyetoa wazo la kadi ya kliniki, eti dada aipige picha kule Tanga aitume WhatsApp nisichomwe upya. Ikaja. Panya walishakula kona moja, grafu ya uzito ipo nzima, inaonyesha nilikuwa kibonge. Nesi akaivuta-vuta kwenye simu, nikamtafsiria, hapo surua, hapo polio, hapo pepopunda. Akasema sawa, ila surua peke yake haitoshi, wao wanataka na matumbwitumbwi na rubela, na sisi watoto wa zamani hizo hatukuchomwa, rubela Tanzania imeunganishwa na surua mwaka 2014, mi nshakuwa na ndevu. Nikajitetea kwa kufungua shati nikamuonyesha bega la kulia, alama ya BCG ile, chanjo ya kifua kikuu, akaiangalia kwa heshima akasema hiyo hatuihitaji. Yaani chanjo pekee niliyokuwa na ushahidi wake mwilini ndo hawaitaki! Kifua kikuu wanapima kwa damu, kwa sababu kile kipimo cha kuchoma ngozini kinaweza kuchanganywa na BCG ukaonekana unao wakati huna.

Kilichonipa punguzo ni tetekuwanga tu. Daktari akauliza ulishaugua, nikamwambia darasa la tatu, nikapakwa kalamaini mwili mzima nikawa mweupe kuliko yeye, akacheka akaandika ameshaugua. Zingine zote nikapigwa siku ileile, na ya mafua juu, maana ilikuwa Novemba na kuanzia Oktoba mpaka Machi ya mafua nayo ni lazima. Nikarudi nyumbani mikono yote miwili haipandi, mke wangu ananilisha mimi kwanza halafu mtoto.

Majibu yalipotoka nikaenda kuchukua bahasha. Sasa hapa nisikilizeni. Hiyo fomu daktari anaitia kwenye bahasha, anaifunga, anapiga saini juu ya mfuniko na selotepu, na kwa nje imeandikwa kwa Kiingereza herufi kubwa usifungue. Ikifika Uhamiaji imefunguliwa hawaipokei. Wewe unapewa nakala yako pembeni uisome kwa raha zako. Nikaiweka bahasha juu ya friji, nakala nikatupia kwenye droo, nikaenda kazini.

Mama Kiswahili anasoma, Kurani anasoma, Kiingereza chake kinaishia "thank you" na "how much". Na tangu afike kwetu, bahasha alizoziona ni za aina moja tu. Mke wangu alijifungua, ikaja bili ya hospitali, tukashukuru Mungu tukajua imeisha, ikaja ya daktari wa usingizi peke yake, ikaja ya maabara, halafu ikaja ya mtoto, kwa jina la mtoto, hajafikisha hata arobaini ana deni. Mama aliishika ile akasema "Huyu kakosa nini?" Nikamweleza ndo utaratibu, na usipolipa wanaiuza bili yako kwa kampuni za kukusanya madeni wanakusumbua na simu. Hilo likamwingia kuliko nilivyodhani.

Siku ya kwenda kutuma, mke wangu akaishika bahasha akasema mbona imevimba? Nikaangalia. Saini ya daktari nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani, imekaa kama watu waliogombana. Selotepu ina vumbi jeupe. Nikainusa. Inanukia chapati.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, si umeshaniamkia asubuhi?"

"Hii bahasha imekuwaje?"

"Imekuwaje nini? Nimeifungulia kwenye mvuke wa birika, taratibu, haijachanika hata kidogo. Nikaifunga na uji wa ngano. Si ndo gundi niliyokuwa nakubandikia majalada ya madaftari?"

"Sasa uliifungulia nini Mama?"

"Bili hiyo! Imekaa juu ya friji siku zote hizo unaiangalia tu. Nimewawekea dola ishirini ya kuanzia, waone una nia, wasikuuze."

Nikakaa chini. Dola ishirini, ndani ya fomu ya serikali ya Marekani, imekunjwa vizuri katikati ya kurasa za chanjo. Nikamfikiria yule ofisa anafungua faili langu inadondoka hela ya soda mezani kwake. Mke wangu alikuwa ameenda chumbani, nasikia anacheka kwenye mto.

Klinikini mapokezi wakasema daktari inabidi achapishe fomu nyingine, asaini na afunge upya, dola 75. Mama alikataa kubaki nyumbani, kaja na khanga yake na mtandio, amesimama pembeni yangu. "How much?" Nikamwambia. Akamwangalia yule dada wa mapokezi akaniambia mwambie apunguze, karatasi anazo, wino anao, na mimi gundi nilishatumia ya kwangu. Nikatafsiri nusu. Dada akasema bei haishuki. Mama akasema basi mwambie atupe nyongeza, ukinunua fungu la nyanya unaongezwa moja, mie anipime presha.

Niliona aibu nikatamani sakafu ipasuke, ila nikamwambia dada wa watu kwamba mama yangu anaomba apimwe presha. Yule dada akatabasamu, oh sure, akampa karatasi ajaze jina na anuani, nikamjazia. Nesi akampeleka ndani, daktari akachungulia, akamuuliza anajisikiaje, akamsifia khanga. Mama akatoka ametukuka, presha nzuri kabisa, ananiambia unaona, mtu unaongea naye tu. Tukalipa 75, na ile ishirini ilikuwa humohumo. Safari hii bahasha nikaipakata njia nzima, nikaituma palepale.

Mwezi uliofuata nikarudi kutoka kazini nakuta juu ya friji kuna bahasha ya ile kliniki. Imeandikwa jina la Mama. Haijaguswa. Nikaifungua: mgonjwa mpya, kuonana na daktari, kupimwa presha, dola 165, na bima ya wageni tuliyomkatia haikuhusika maana hakuwa mgonjwa. Nikamuuliza Mama hii imekuja lini, akasema juzi.

"Na hukuniambia?"

"Si mlisema nisiguse bahasha za watu?"

Nikapiga simu nikalalamika mpaka wakaishusha ikawa 90, ya mtu asiye na bima. Mama kasimama mlangoni anasikiliza, akanivuta shati. "Waulize kama hiyo tisini ina nyongeza."