Bwawa la udongo linavuja: uzibe upande wa maji au uweke chujio nyuma?

Bwawa la udongo likishafikisha miaka hamsini sitini hivi na kuanza kutoa unyevu chini ya tuta upande wa nyuma, ubishi unakuwa uleule siku zote. Kuna wanaosema ziba upande wa maji yasiingie kabisa, na kuna wanaosema acha maji yapite ila udongo usitoke nayo. Mimi niko zaidi na hawa wa pili, ingawa wa kwanza nao wana hoja na kuna mabwawa ambayo bila wao hutoboi.

Tuelewane kwanza, hamna tuta la udongo lisilopitisha maji, hata mapya yanapitisha. Kinachoua bwawa ni zile chembe za udongo kubebwa na maji kidogo kidogo, kijishimo kinaanza upande wa nyuma alafu kinajichimba kurudi ndani ya tuta kufuata maji yanakotoka, kikifika huko limebaki suala la masaa. Bwawa la Teton, Idaho huko Marekani, tarehe 5 Juni 1976 asubuhi watu waliona maji ya matope yanatoka pembeni ya ukuta, kufika saa sita mchana ukuta wa mita 90 na kitu umeshakatika, watu 11 wakafa. Na lile halikuwa zee, ndo kwanza lilikuwa linajazwa.

Kwa hiyo kabla hujaita ekskaveta angalia, maji yanayotoka ni masafi au ya matope? Na kiasi chake kinapanda hata kama kina cha bwawa kimebaki palepale? Kibao chenye mkato wa V kwenye mfereji kinatosha kupimia, bei yake ni ndogo na mabwawa mengi tu hayana, sijui kwa nini.

Sasa hawa wa kuziba. Chaguo la kawaida ni kutandika udongo wa mfinyanzi upande wa maji, au kuchanganya bentonaiti (aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa) kwenye udongo na kuushindilia, au kulaza plastiki nzito. Faida iko wazi, unaokoa maji na presha ndani ya tuta inashuka. Ila lazima ushushe maji, na hapo ndo watu wanapoumia, ukiyashusha haraka ule mteremko wa upande wa maji bado umelowa na hauna tena maji ya kuuegemea, unaporomoka. Kiwango kinachotajwa sana ni kama sentimita 30 kwa siku. Alafu mfinyanzi ukikauka kiangazi unapasuka, plastiki nayo inatobolewa, na huwezi kujua imetobolewa wapi. Kuhusu kumwaga bentonaiti juu ya maji ukitegemea ijitafutie tundu, mara nyingi ni hela imezama.

Kubwa zaidi ni ukuta wa kukata maji, unachimba mtaro mwembamba kupita katikati ya tuta, unaushikilia kwa uji wa bentonaiti usiporomoke, alafu unajaza mchanganyiko usiopitisha maji au zege. Kama maji yanapita chini kwenye msingi, hii ndo dawa hasa, lakini iwe ndefu na ifike kina kinachotakiwa. Bwawa la Wolf Creek kule Kentucky, Marekani, walipiga grauti (uji wa saruji unaosukumwa ardhini kwa presha) mwishoni mwa miaka ya 1960, wakajenga ukuta miaka ya 1970, maji yakatafuta njia ya kuzunguka kwenye mwamba wa chokaa, ukajengwa ukuta mwingine uliokamilika 2013. Na grauti peke yake? Bwawa la Mosul, Iraki, wamekuwa wakisindika grauti tangu miaka ya 1980 kwa sababu jasi iliyoko chini inayeyuka, yaani ni kazi isiyoisha. Ndani ya tuta lenyewe grauti ya presha kubwa inaweza hata kupasua udongo na kufungua njia mpya.

Chujio la nyuma linafanya kazi tofauti. Unaweka mchanga uliochaguliwa vizuri, nyuma yake kokoto na bomba la kutolea maji, juu unaweka udongo wa kukandamiza. Maji yanatoka, chembe zinanaswa. Mchanga wa kawaida wa zege mara nyingi unafaa kwa udongo mwingi, ila usiwe na vumbi jingi maana ukiwa na vumbi unashikana, na ukipasuka ufa unabaki wazi badala ya kujifunga. Uzuri wa hii njia ni kwamba hauhitaji kujua tundu liko wapi, na kwa tuta la zamani ambalo hata michoro yake imepotea hiyo kwangu ni hoja nzito kuliko zote. Ubaya wake, maji yaliyokuwa yanapotea yanaendelea kupotea, na kuchimba chini ya tuta huku bwawa limejaa ni hatari tupu, shusha maji kwanza na chimba kipande kwa kipande.

Usisahau bomba la kutolea maji linalopita ndani ya tuta, la chuma kikuukuu limeshaoza na maji yanafuata ubavuni mwake. Zamani walikuwa wanalivisha kola za zege kuzuia hayo maji, siku hizi wameachana nazo maana udongo unaozunguka kola haushindiliki vizuri, wanalizungushia chujio la mchanga karibu na mwisho wake.

Na matope yakianza kutoka leo usiku, usizibe pale yanapotokea, ni sawa na kumziba mdomo mtu anayetapika. Mwaga mchanga na kokoto juu yake, anza kushusha maji, waondoe watu walioko chini.

Mimi ningeanza na chujio na bomba, nikapima msimu mzima, ukuta wa kukata maji ningeufikiria kama vipimo vinaonyesha msingi ndo unaovuja au kama maji yenyewe ni ya thamani kiasi hicho. Na kama bwawa halina kazi tena, gharama ya kukata tuta kwa utaratibu lisishike maji tena iwekwe mezani pamoja na hizi nyingine.