Picha ya MRI na kinyama cha uvimbe wa ubongo

Kama mashine ya MRI imeuona uvimbe wa ubongo mpaka mishipa yake, kwa nini daktari bado anataka kutoboa fuvu achukue kinyama cha kupimwa maabara? Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza hivyo, na wanastahili jibu lililonyooka.

MRI ya kawaida, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huonyesha umbo la uvimbe na sehemu zinazong'aa baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya gadolini. Vipimo vya kina huchimba zaidi. Perfusheni hupima wingi wa damu ndani ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe mkali hujioteshea mishipa mipya. Spektroskopi husoma kemikali zake. Yote hayo bila kisu, na uvimbe unaonekana mzima. Sindano, kwa upande wake, hutoa kipande chembamba kutoka sehemu moja. Ikiangukia upande mpole, majibu yatasema daraja la 2 huku daraja la 4, lililo kali kuliko yote, limejificha pembeni yake. Hoja hii ya watetezi wa picha ni nzito, nami naikubali.

Lakini tazama takwimu. Mwaka 2003, Meng Law na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 160 wa glioma, uvimbe unaotokana na seli zinazotegemeza neva za ubongo. Kwa kutumia perfusheni, na kuhesabu uvimbe kuwa mkali ukiwa na damu mara 1.75 au zaidi ya ile ya ubongo mzima wa kawaida, walinasa asilimia 95 ya uvimbe mkali. Kwa ule mpole, ni asilimia 57.5 tu uliotambuliwa kuwa mpole. Waliobaki wangeambiwa wana ugonjwa mkali kuliko walio nao. Oligodendroglioma, aina mojawapo ya glioma, kwa mfano, huwa na mishipa mingi hata ikiwa daraja la 2, hivyo perfusheni huishuku bure.

Tangu mwaka 2021 daraja lenyewe limebadilika maana. Shirika la Afya Duniani sasa linataka jeni ziangaliwe pamoja na seli. Uvimbe usiong'aa kabisa kwenye picha, na unaoonekana mtulivu hata chini ya darubini, unaweza kuitwa glioblastoma, yaani glioma kali ya daraja la 4, kwa sababu ya jeni zake. Tiba nayo inafuata njia hiyohiyo: vorasidenib, dawa iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2024, ni ya wenye badiliko la jeni ya IDH, na badiliko hilo huthibitishwa kwenye kinyama.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi. Kifua kikuu kikiingia ubongoni huweza kujenga donge linalong'aa pembezoni mithili ya saratani. Difyusheni, kipimo cha MRI kinachofuata mwendo wa maji ndani ya tishu, husaidia sana kutambua jipu la usaha, lakini donge la kifua kikuu humchanganya hata msomaji mzoefu. Kumpeleka mtu huyo kwenye mionzi kwa ushahidi wa picha peke yake ni kumnyima dawa ambazo zingemponya.

Kuna mahali picha imetosha kwa miaka mingi: glioma iliyosambaa katika shina la ubongo la mtoto, ambako sindano iliogopwa. Hata huko, baadhi ya vituo sasa huchukua kinyama ili kusoma jeni. Kwingineko, ningependa kuona ramani ya perfusheni iko mbele ya daktari wa upasuaji anapochagua pa kupitisha sindano, ili ielekee palipo na damu nyingi zaidi.