Kukaa kimya jela siyo kubadilika

Mtu kahukumiwa miaka 9, katoka baada ya 6, basi watu wanaanza, eti sheria imelala, eti kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hakuna mkono wa mtu yeyote, ni punguzo lililoandikwa kwenye sheria kabla hata hajakamatwa, na mimi naliunga mkono kabisa. Kinachonikera ni kitu kingine.

Chukua Kenya. Sheria ya magereza inampa mfungwa punguzo la theluthi moja, na hata halitafuti, akipokelewa tu gerezani anaandikiwa lote, halafu akikorofisha ndo linakatwa (wa kifungo cha maisha hayumo). Kwa hiyo ukinyamaza, usigombane na askari, ukafanya tu unachoamriwa bila kujifunza chochote, theluthi yako iko salama. Inasaidia gereza litulie, hilo sikatai, maana mfungwa asiye na cha kupoteza ni hatari kwa askari na kwa wenzake pia. Ila tunaiita tabia njema wakati ni kutokufanya fujo tu. Mtu kaingia hajui kazi yoyote, katoka hajui kazi yoyote, tabia njema tele.

Brazil wao wana kitu cha ziada ambacho nakipenda sana. Siku 3 za kazi zinafuta siku 1 ya kifungo, saa 12 za masomo nazo zinafuta siku 1, na kitabu ukikisoma ukaandika maelezo yako yakakaguliwa yakapita unafutiwa siku 4, mwisho vitabu 12 kwa mwaka, yaani siku 48. Wanaoupinga utaratibu huu wanasema wafungwa watajifanya wanasoma ili watoke mapema. Si wajifanye! Mtu akijifanya anasoma vitabu 12 kwa mwaka, miaka 5 mfululizo, na kila kimoja anakiandikia maelezo, mwishoni sijui utamtofautishaje na aliyesoma kwelikweli.

Shida sasa inaanza kwenye utekelezaji, hapa ndo wengi hawaangalii. Ukishasema kozi inapunguza kifungo, nafasi ya kozi inakuwa mali, na anayegawa nafasi anakuwa mungu mdogo mle ndani. Karakana ina viti 20, wanaotaka ni 300, nani anaingia? Ukimwachia ofisa mmoja aamue kwa moyo wake tayari umefungua duka la rushwa. Na gereza lisilo na mwalimu wala karakana, mfungwa wake anaadhibiwa mara mbili, kwa kosa lake na kwa kupangiwa gereza maskini.

Halafu hesabu zenyewe. Marekani kwenye magereza ya serikali kuu sheria ilisema hadi siku 54 kwa mwaka kwa tabia njema, lakini jinsi walivyokuwa wanapiga hesabu mfungwa alikuwa anapata kama 47, kesi ikafika Mahakama ya Juu, mwaka 2010 wafungwa wakashindwa, hadi sheria mpya ya 2018 ndo ikanyoosha ziwe 54 kweli. Kwa mtu wa miaka 10 hizo ni siku kama 70 zilizopotelea kwenye kikokotoo. Sheria hiyohiyo ikaongeza siku 10 kwa kila siku 30 za programu za kumrekebisha mfungwa, au 15 kwa wale wenye hatari ndogo ya kurudia kosa, wakamalizie kifungo nje chini ya uangalizi.

Waliotendewa kosa nawaelewa, na sitegemei wafurahi. Ila waambiwe palepale mahakamani, siku ya hukumu, kwamba 9 inaweza kuwa 6 na ni kwa sababu gani, kuliko wakutane na mtu barabarani ndo washtuke.

Na mfungwa naye apewe karatasi kila mwezi, siku alizopata, siku alizokatwa, aliyesaini ni nani. Tarehe ikifika mlango ufunguliwe siku hiyohiyo, siyo wiki ijayo kwa sababu mwenye faili yuko likizo.