Mbwa Wangu Mzee Habanduki Botini

Ikifika Novemba, wapita njia wa mfereji wa Kennet and Avon, huku Uingereza ninakoishi kwenye boti, huanza kunipa ushauri. Wengi wao ni watu wema, wametoka kuwatembeza mbwa wao. Wanamwona Tomi, mbwa wangu, anavyoikokota miguu ya nyuma, wanaiangalia boti na bomba lake la moshi, halafu wanasema yaleyale: si ungemtafutia nyumba, masikini? Mmoja alinieleza waziwazi kwamba sindano ya kumpumzisha kabla ya baridi kali ndiyo huruma. Sikubaliani nao. Mbwa mzee mgonjwa anaweza kuishi vizuri sana botini wakati wa baridi, ilimradi mwenye boti akubali kwamba msimu huo boti ni ya mbwa.

Boti zetu hizi ni nyembamba. Upana wake ni mita 2 na kidogo, na urefu unaweza kufika mita 21, kwa hiyo ndani ni kama behewa la treni. Kwangu jiko la makaa liko upande wa omo, yaani mbele, kitanda kiko upande wa tezi, yaani nyuma, na katikati sakafu ni bapa tupu. Tomi ana miaka 14, viungo vimekakamaa, macho yameingia ukungu, na usiku akili humruka akaanza kuzunguka bila kujua anakotaka kwenda. Ukiwa na mbwa wa namna hii kwenye nyumba ya ghorofa, utamkuta amekwama nyuma ya kochi au amesimama juu ya ngazi akitetemeka. Hapa njia ni mbili tu, kwenda na kurudi, na ukuta hauko mbali na mbavu zake kila upande. Akifika mwisho, anageuka.

Shangazi yangu wa Muheza hili la mbwa kulala ndani halijamwingia hadi leo. Nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, huuliza: "Na yule mgeni wako mwenye mkia, bado mnalala naye chumba kimoja?" Namjibu, "Shangazi, chumba chenyewe ni hicho kimoja." Hucheka mpaka simu inakatika.

Kasoro ya boti iko chini. Sakafu imetengwa na maji ya mfereji kwa bamba la chuma na mbao chache, na joto la jiko hupanda juu. Mimi nikisimama nimevaa fulana, jasho linanitoka. Kipima joto nilichokiweka usawa wa pua ya mbwa kinasoma nyuzi 11. Watu wengi hawalioni hili kwa sababu hawalali kwenye zulia. Tandiko la Tomi sasa liko juu ya kichanja cha mbao, chini nimeweka ubao wa povu, juu blanketi la sufu, na halikaribii ukuta kwa sababu mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka matone yanayotiririka mpaka sakafuni. Tangu hapo anaamka asubuhi bila ule mlio mdogo aliokuwa akiutoa kila akinyoosha goti.

Jiko halizimwi. Uuzaji wa makaa ya mawe ya kawaida kwa matumizi ya nyumbani ulipigwa marufuku Uingereza mwaka 2023, hivyo tunachoma yale yasiyotoa moshi mwingi, tunayauziwa na boti ya mafuta na gesi inayopita mferejini. Mfereji ukiganda, boti hiyo haiji, kwa hiyo magunia hununuliwa mapema. King'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ni lazima kwa boti kama zetu tangu 2019, na kwangu kingekuwepo hata bila sheria, maana jiko linalofifishwa ili liwake hadi alfajiri ndilo linaloua watu wakiwa usingizini. Gesi nayo iwe propani. Butani karibu na nyuzi sifuri haitoki kwenye mtungi, na uji wa mchele na kuku hauivi kwa maombi.

Ila kama kuna kitu cha kumuulizia mwenye boti, ni kile ambacho hakuna mpita njia aliyewahi kuniulizia: dawa inayotiwa kwenye maji ya kupoza injini yasigande. Ina utamu, mbwa huilamba, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu figo. Ikivuja hujikusanya ngamani, yaani kwenye sakafu ya chini kabisa ya boti, chini ya injini, mahali ambapo mbwa mwenye kiu na mwenye akili iliyochoka anaweza kupeleka ulimi. Mfuniko wa injini kwangu una komeo, na ngama naikausha kwa tambara kila baada ya kuwasha injini.

Kupanda na kushuka ndiko kazi. Ngazi za tezini ni tatu, zimesimama wima, na Tomi haziwezi tena. Nimemtengenezea ubao wenye kipande cha zulia kilichopigiliwa misumari, lakini asubuhi ya barafu hata huo siuamini, nambeba. Jaketi lake la kuokolea lenye mshikio mgongoni analivaa hata akienda kukojoa tu. Mbwa mzee akitumbukia maji ya Januari hana muda wa kuogelea, na mimi sina mkono wa tatu wa kumtafuta gizani.

Kuna pia suala la kuhama. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka mwenye boti asiye na maegesho yake ya kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, au muda mrefu zaidi kama hali inavyostahili. Kwa maoni yangu mbwa asiyeweza kusimama ni hali inayostahili, na barua ya daktari wa mifugo inapaswa kupewa uzito. Anayeihitaji aandike mapema, si siku ya 15. Wakati huohuo achague mahali kwa akili. Mimi baridi naipitishia kati ya Devizes na Wootton Rivers, kilomita kama 24 zisizo na lango la maji hata moja, yaani yale ya kupandishia na kushushia boti. Nikisogea, sihitaji kumwacha mbwa peke yake nikapambane na milango mizito ya mbao.

Nirudi kwa yule wa sindano. Siikatai sindano. Daktari wa Tomi na mimi tumeshakubaliana tunaangalia nini: kama anakula, kama anainuka mwenyewe, kama bado anataka kutoka kunusa majani, kama dawa ya maumivu inamtosha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema "Desemba" wala "boti". Lakini siku hiyo ikifika, sitaki aingizwe kwenye gari na kulazwa juu ya meza ya chuma kwenye chumba chenye harufu ya mbwa wengine. Wapo madaktari wanaokuja hadi ulipo, kwa gharama ya juu kidogo, ila gari lao haliwezi kupita kwenye njia ya matope ya kando ya mfereji. Kwa hiyo kuanzia Desemba nafunga boti karibu na daraja lenye barabara, na namba ya daraja hilo daktari anayo.