Msanii wa Chini ya Ardhi

Leo asubuhi karindula yangu, lile banjo kubwa la pipa, imetozwa nauli ya watu wawili, ilhali mimi mwenyewe, mwenye kichwa, miguu na deni la kodi ya nyumba, nimehesabiwa kuwa mtu mmoja tu. Nayasema haya kwa utulivu, maana aliyeanza na gitaa, akapitia rapu na kuishia kwenye pipa amekwisha kufunzwa uvumilivu.

Vijana wa kwetu Ruashi huniita msanii wa andagraundi, nao hudhani wananisifu. Hapa Lubumbashi anayekwenda chini ya ardhi hutarajiwa kurudi na shaba, au walau gunia la kobalti la kubishania bei. Mimi nimekaa huko miaka 27 na nimerudi na sugu za vidole.

Nilianza na gitaa kavu, kwa ule upigaji wa kidole gumba na cha shahada wa Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Tangu hapo kila mpiga gitaa wa Katanga huamini kwamba siku moja mgeni mwenye mashine ya kurekodi atapita mbele ya nyumba yake. Nilikaa kibarazani miaka minne. Aliyepita ni mwenye nyumba. Nikahamia kwenye rapu, katika studio iliyobandikwa magodoro ukutani, ambako umeme ulikatika kila nilipofika ubeti wa pili, hata leo hakuna ajuaye kisa changu kiliishaje. Niliposikia kwamba bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa hukuza sauti ya likembe, yaani marimba ya vidole, kwa vifaa vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu, nilijaribu na mimi. Tofauti ni kwamba gari la shemeji yangu lilikuwa bado zima.

Ndipo nikaangukia karindula, na leo nilikuwa naipeleka matangani Katuba. Ngozi yake ni mpya, kingoni bado ina manyoya, na kijana apokeaye nauli katika taksi-basi alipoiona alinyoosha mkono.

"Papa, huyo mbuzi analipa."

"Si mbuzi, mwanangu. Ni ngozi ya mbuzi."

"Ngozi imefunika nini?"

"Pipa."

"Basi ni mafuta. Mafuta yanalipa mara mbili."

Mama mmoja aliyepakata beseni la tomsoni akaziba pua kwa kitenge na kulalamika, mbele ya samaki wake wote, kwamba mbuzi wangu ananuka. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye nilimshukuru mapema mno, akatoa hukumu kwamba chombo cha muziki si mzigo, mradi mwenyewe athibitishe kuwa kinalia. Sasa, karindula haikuundwa kwa ajili ya kiti cha nyuma. Pipa lilikuwa limebanwa katikati ya magoti ya abiria watatu, na shingo ya ubao ilikuwa imetokeza nje ya dirisha, kwa hiyo mkono wangu wa kulia ulipiga ndani na wa kushoto ulibana nyuzi huko nje, kwenye vumbi, huku watu wa kando ya barabara wakinipungia kwa kudhani nawasalimu. Nyuzi ni nne, na mmoja ulikuwa umelegea. Hata hivyo pipa lilinguruma, magoti yale sita yakatetemeka, mtoto aliyekuwa analia akanyamaza, akanitazama, kisha akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Abiria wakapiga makofi. Mama wa tomsoni akaomba wimbo wa kanisani, nami nikampigia. Kijana wa nauli alicheza mlangoni mpaka kofia ikamwanguka, akajifuta jasho, kisha akanyoosha tena mkono.

"Papa, muziki ni mtamu. Nafasi mbili."

Nililipa. Hatukuenda mbali, askari wa barabarani akatusimamisha, akaliona pipa na kuuliza lina nini ndani.

"Hewa," nikajibu.

"Hewa ya wapi? Karatasi zake ziko wapi?"

Hapo heshima yangu yote ilinitoka, nikapiga kelele ambazo sikuzipiga hata nilipokuwa rapa. Malori yanapita usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa yakiwa yamefunikwa turubai, mlima mzima unaondoka kwa mafungu, na mimi ndiye nidaiwe karatasi za hewa! Dereva alimaliza shauri kwa namna tunayoijua, halafu akaniongezea gharama hiyo kwenye nauli.

Nilifika Katuba bukari, ugali wetu, imekwisha. Tulipiga hadi jua likazama, na wenye msiba wakaniambia niwaone wiki ijayo.

Sasa ni usiku, maji yamerudi bombani baada ya siku sita, na mtaa mzima unakimbizana na ndoo. Mke wangu amejaza madumu, sufuria na birika la chai. Amesimama mlangoni, anaitazama karindula yangu na kuniuliza, kwa upole ambao simzoei nao, kama ngozi ile ilishonwa au ilipigiliwa misumari. Naandika haya nikiwa nimelikalia pipa.