PHP haitaniwi, inasimangwa

Wanaoandika programu wana utani wao, kila mmoja kwa lugha ya kompyuta anayoitumia. Wa Python huwacheka wa Java kwa maneno mengi wanayohitaji ili kuonyesha salamu moja kwenye skrini. Wa Java hujibu kwamba Python hugoma kwa nafasi moja tu iliyozidi mwanzoni mwa mstari. Kisha wote huigeukia JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich kwa siku 10 mwaka 1995. Huo ni utani hasa, kama wa Wachaga na Wapare: anayechokoza anajua naye zamu yake inakuja.

Kwa PHP, lugha inayotumika kutengeneza tovuti, vicheko huenda upande mmoja. Wanaoisimanga wana hoja, tena nzito. Lugha hiyo ilianza kama zana za Rasmus Lerdorf za ukurasa wake binafsi, ikakua kwa kuungaungwa. Ukitumia strpos, amri ya kutafuta neno ndani ya maandishi, unatanguliza maandishi, kisha unachokitafuta. Ukitumia in_array, ya kutafuta kitu ndani ya orodha, ni kinyume chake. Kwa miaka mingi ukiiuliza kama 0 ni sawa na neno "abc", ilijibu ndiyo. Kuyacheka mambo hayo kuliwafunza wengi kuwa waangalifu.

Ila jibu hilo lilirekebishwa katika toleo la 8, Novemba 2020. Masimango yamebaki yaleyale.

Kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia za tovuti, katika tovuti ambazo lugha ya upande wa seva (kompyuta inayozituma kurasa kwa wasomaji) inajulikana, zaidi ya asilimia 70 hutumia PHP. Takwimu hii hainitoki kichwani. Mpinzani atasema inahesabu tovuti, si wasomaji, na blogu iliyotelekezwa inahesabiwa moja sawa na Wikipedia. Kweli. Atasema pia sehemu kubwa ni WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoandikwa kwa PHP, ambayo wamiliki wake wengi hawajawahi kuandika mstari hata mmoja. Kweli tena. Lakini Wikipedia yenyewe inaendeshwa kwa PHP, na Moodle wanayosomea wanafunzi wa vyuo vyetu vingi ni PHP. Na huyo mwenye WordPress asiyejua kuandika mstari, tovuti ikigoma, kuna mtu anampigia simu.

Mtu huyo ndiye ninayemwazia: kijana wa Morogoro au Kisumu aliyeanza na PHP kwa sababu seva za kukodi za bei nafuu huja nayo tayari. Unaandika faili, unalipakia, ukurasa unafunguka. Siku moja anauliza kwenye kundi la waandika programu kwa nini fomu yake inakataa jina lenye alama ya king'ong'o, kama Ng'ang'a. Swali hilo lina hatari ndani yake: data ya mtumiaji inaingia moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata, na mwenye nia mbaya anaweza kuifungua yote. Anajibiwa, "Bado mnatumia PHP?" Kundi linacheka. Hatauliza tena, na tundu linabaki kwenye mfumo wa ada wa shule ya watu.

Mtani hukucheka hata msibani, huku ameshika jembe anakusaidia kuchimba kaburi. Angemcheka kijana huyu pia, kisha angemwambia: lete hiyo fomu tuitazame.