Alama ya Ubora ya Kantini Apewe Muuzaji, Siyo Mwalimu Mkuu

Kila mara habari ya vyakula vya shuleni inapopamba moto, wazo la kwanza huwa ni marufuku. Soda marufuku, krispi marufuku, barafu za rangi marufuku, na kina mama wenye masufuria ya mihogo wafukuzwe getini. Wiki ya kwanza geti linakuwa jeupe, mkuu wa shule anapongezwa kwenye kikao cha wazazi. Wiki ya tatu masufuria yamerudi, ila safari hii yako nyuma ya ukuta karibu na mtaro, na watoto wanapitisha mia tano zao kwenye tundu la uzio.

Mimi ni mzazi, nakaa Dar es Salaam, nina watoto shule ya msingi, na nimechoka na marufuku. Ninachokitaka ni ithibati ya hiari: alama ya ubora ambayo mwenye kantini anaiomba kwa ridhaa yake, anakaguliwa, akifaulu anaibandika ukutani kwake. Na alama iwe ya yule anayekaanga na kuuza. Shule isiipokee kwa niaba yake.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu mijadala mingi huongelea kantini kana kwamba ni idara ya shule. Si hivyo. Kwenye shule nyingi kantini ni chumba au kibanda kilichopangishwa. Mzabuni analipa kodi kila mwezi, ananunua mkaa au gesi, analipa maji na binti wa kumsaidia, na shule ikifunga hana mteja hata mmoja. Kengele ya saa nne ikilia, watoto mamia wanamwagika kwa mkupuo na wana dakika chache tu. Kwa kasi hiyo kinachouzika ni kile kilichofungwa tayari, au kilichokaangwa alfajiri na kinaliwa kwa mkono bila sahani. Papai lililokatwa likibaki hadi jioni ni hasara yake. Pakiti ya krispi ikibaki, itauzwa kesho, au hata mwezi ujao. Mafuta yaliyokaangia bagia Jumatatu yakimwagwa Jumanne, faida ya Jumanne imekwenda nayo.

Huyo mama hana roho mbaya, anapiga hesabu. Kamati ya shule nayo inapiga yake, maana kodi ya kantini ndiyo inayomlipa mlinzi na kununua kufuli la choo. Ukimwambia mwalimu mkuu aondoe vitu vinavyouzika, unamwambia aikate kodi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Ataitikia, atafungua faili, na mambo yataishia humo.

Uingereza walipita njia hii, tena hadharani. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliondoa viwango vya lishe vya chakula cha shule, na miaka ikapita watoto wakilishwa chipsi na vinyama vya kusindikwa. Mwaka 2005 mpishi Jamie Oliver akaonyesha kwenye televisheni kilichokuwa kinaingia kwenye sahani hizo, vikiwemo vile vinyama vya bata mzinga vya kujisokota vilivyoitwa Turkey Twizzlers. Nchi ikachafuka, watu zaidi ya 270,000 wakatia saini kudai mabadiliko, na mwaka 2006 viwango vipya vikaanza kutumika.

Septemba ya mwaka huohuo, huko Rawmarsh karibu na mji wa Rotherham, kina mama wakajipanga kwenye uzio wa shule. Walikuwa wanachukua oda za wanafunzi, wanakwenda kununua chipsi na baga, wanarudi kuzipitisha juu ya uzio. Magazeti yaliwadhihaki vibaya sana. Mimi siwezi kuwacheka. Walijieleza kwamba watoto hawakipendi chakula kipya na wanashinda na njaa, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza kabla ya kubadilisha, wakajibu kwa njia waliyokuwa nayo. Mtu aliyezoea mageti ya Mbagala au Manzese hahitaji kufafanuliwa tukio hilo.

Lakini kuna hadithi nyingine ya nchi hiyohiyo isiyo na kelele, na ndiyo ninayoipenda. Kabla ya dhoruba ya televisheni, mpishi wa shule moja ya msingi katika kijiji cha East Bridgford, Nottinghamshire, mama anayeitwa Jeanette Orrey, alikwishaacha vya kusindikwa akawa anapika mwenyewe kwa mazao ya wakulima wa jirani. Kutokana na kazi yake, chama cha kutetea kilimo hai, Soil Association, kilianzisha mpango wa Food for Life mwaka 2003, na baadaye ikatoka alama ya wapishi yenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Ngazi ya shaba inataka angalau asilimia 75 ya vyakula kwenye menyu vipikwe jikoni kutokana na malighafi zisizosindikwa, mayai yatoke kwa kuku wasiofungiwa kwenye vizimba, na mafuta ya kiwandani yale mabaya kwa moyo (trans fats) yasitumike kabisa. Fedha na dhahabu zinapanda zaidi, kwenye kilimo hai na mazao ya karibu. Hakuna anayelazimishwa kuomba, ila ukishaipata, mkaguzi anarudi.

Mawili nayachukua hapo. Kwanza, alama hiyo anapewa mwenye jiko, awe mzabuni binafsi au idara ya upishi ya halmashauri. Pili, shaba yake inafikika. Jiko la kawaida la shule ya serikali linaweza kuipata likijipanga, na ndiyo maana lina sababu ya kujaribu.

Hiari ina udhaifu wake, nakubali. Uingereza wenyewe walilionja hilo: kuanzia mwaka 2010 shule mpya za mfumo wa academy (zinazolipiwa na serikali lakini hazisimamiwi na halmashauri) ziliachwa nje ya viwango, kwa imani kwamba zitafanya vizuri zenyewe. Mwaka 2013 Henry Dimbleby na John Vincent, waliopewa na serikali kazi ya kuandaa mpango wa chakula cha shule, walipendekeza viwango vipya vyepesi kueleweka, na vilipoanza Januari 2015 shule nyingi za aina hiyo zilizoanzishwa baadaye zikafungwa navyo. Kwa hiyo sisemi sheria ikae pembeni. Mafuta machafu, maji yasiyo salama, jiko kando ya choo, hayo ni ya bwana afya na faini yake. Ithibati inaanza pale sheria inapoishia. Sheria haiwezi kumshtaki mtu kwa kutouza chungwa.

Hofu yangu kubwa ni nyingine: alama hii ikitungwa na wataalamu peke yao hotelini, itafaa shule za ada ya mamilioni tu. Zitapata dhahabu mwezi wa kwanza, zitaiweka kwenye mabango ya barabarani kando ya picha ya basi la njano, na shule ya kata haitathubutu hata kuchukua fomu. Tuna uzoefu wa mashindano ya namna hiyo. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na sikuona mzazi yeyote wa mtaani kwangu aliyepungukiwa na kitu.

Kwa hiyo shaba ya kwetu iandikwe na mtu anayejua kibanda. Maji safi ya kunywa yawepo na mtoto asiyanunue. Kila siku liwepo tunda la msimu, bei yake isizidi ya andazi. Kuwe na kitu cha kuchemsha: hindi, kiazi kitamu, yai, magimbi, au uji wa kikombe. Mafuta ya kukaangia yasirudiwe rudiwe. Soda, kama ipo, isikae mstari wa mbele kwenye macho ya mtoto wa darasa la pili. Basi. Jimbo la New South Wales, Australia, kwa shule zake limeweka kwamba angalau robo tatu ya menyu iwe vyakula vya kila siku, yaani vyenye lishe bora, na vya anasa visizidi robo. Ni kipimo kizuri cha ngazi ya fedha, wakati ukifika.

Gharama ya ukaguzi asibebeshwe mama. Mfano tunao hapa nyumbani: mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, basi TBS, shirika la viwango, humpa huduma ya kupima bidhaa na alama ya ubora bila kumtoza kwa kuanzia. Ndivyo wasindikaji wadogo wa asali na unga wa lishe walivyofika kwenye rafu za supamaketi. Maofisa lishe wapo halmashauri, maofisa afya wapo hadi kwenye kata. Bahasha za chini ya meza? Zitajaribiwa, hii ni nchi yetu tunaijua. Ndiyo maana mkaguzi aongozane na wazazi wawili wa kamati, aje bila taarifa, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo siku hiyohiyo.

Nitaambiwa nimeacha tatizo kubwa nikashika dogo, kwamba kuna watoto wasiokula chochote mchana kutwa, na kwamba utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kweli kabisa. Chakula cha mchana cha pamoja ni kazi ya kwanza, na Nairobi wameonyesha kinawezekana: tangu 2023, chini ya Dishi na County, mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa sahani na kaunti inaongezea. Lakini hata mtoto atakayekula saa saba atapita mbele ya kibanda saa nne na sarafu mkononi. Kibanda hakiondoki.

Sasa muuzaji anapata nini? Hili lisipojibiwa, yote niliyoandika ni porojo. Jibu langu ni kodi na mkataba. Mwenye shaba apunguziwe kodi, na mzabuni mwenye alama asinyang'anywe kibanda mkataba ukiisha ili apewe shemeji ya mtu. Hasara ya mapapai yaliyobaki itafidiwa hapo. Shule itapoteza kiasi fulani cha pesa, na wazazi tutapaswa kukiziba. Nimepiga hesabu ya shule ya wanangu: pengo hilo likigawanywa kwa wazazi wote, kila mmoja anatoa chini ya bei ya soda moja kwa mwezi.

Mkataba wa kantini yetu unaisha Desemba. Kifungu cha kodi nimeshakiandika, kiko kwa katibu wa kamati, na mama wa kantini amekisoma. Aliuliza swali moja tu: tunda ambalo halikununuliwa, je, shule italichukua jioni kwa bei ya jumla? Katibu ameahidi kulipeleka kwenye kikao.